Cheti Ni cha Mume Wangu, Kosa Ni Langu

Kakamega, 4 Machi 1999

Mpendwa Mama Pascalia,

Naomba msaada wako, na nakusihi barua hii usiiweke kwenye foleni, kwa sababu najua unapokea nyingi za watu walioachwa na wake zao au wanaoonewa na mama wakwe, lakini yangu ina tarehe, na tarehe yenyewe ni Jumatatu ya ishirini na mbili mwezi huu huu, na tangu Jumapili iliyopita nakosea taipu mpaka wateja wananiuliza kama nina malaria.

Mimi ni mke na mama wa mtoto mmoja anayeitwa Cindy, na kazi yangu ni kupiga taipu katika ofisi ndogo hapa mjini, zile ofisi za kuandikiwa barua za kuomba kazi na kadi za harusi na kutolewa fotokopi, na mwaka juzi mwenye ofisi, Madam Kageha, alileta kompyuta akaiunganisha na laini ya simu ili watu waweze kutuma barua za imeili, na mimi ndiye niliyefundishwa kuitumia. Mume wangu, Baba Cindy, alikuwa msimamizi wa uwanja wa miwa katika kiwanda kimoja cha sukari ambacho sitakitaja, ni mchapakazi, hanywi, hanipigi, na sitaki umfikirie vibaya kabla sijamaliza.

Mwaka jana kiwandani walitangaza kwamba wanatafuta afisa wa usalama kazini, lakini lazima awe na cheti, na Baba Cindy akasikia kuna chuo Nairobi kinachofundisha mambo hayo kwa imeili, unatumiwa somo kwa kompyuta, unajibu maswali, unarudisha, mwalimu anasahihisha, na hakuna mtihani wa kukalia kwani alama zote zinatoka kwa kazi za kila somo. Akajiandikisha kwa jina lake, Philip, nami nikafurahi, nikamwambia masomo yakija nitamtolea kwenye printa na majibu yake nitamtumia wakati wa chakula cha mchana, maana Madam Kageha alinikubalia.

Somo la kwanza alisoma mwenyewe. Somo la pili alilala juu ya karatasi, si kwa uvivu, Mama, alikuwa ametoka kupakua matrekta ya miwa tangu alfajiri na Kiingereza chenyewe kilikuwa kigumu, kwa hivyo nikamwambia pumzika, mimi nitakuandikia majibu halafu utayapitia, na hakuyapitia, na somo la tatu hakuuliza tena limefika au halijafika, nami sikumwambia. Masomo yote kumi na mawili niliyafanya mimi. Niliyasoma pale ofisini nikila muhogo wangu wa mchana, majibu nikayaandika kwanza kwa mkono katika daftari kuukuu la Cindy lenye hesabu za kuzidisha nyuma ya jalada, halafu nikayapiga taipu na kuyatuma, na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu ni kwamba nilikuwa na furaha. Niliacha shule kidato cha nne kwa sababu ya karo na sikudhani nitawahi kusahihishwa tena na mwalimu. Mwalimu wetu, nasema wetu, alikuwa Bi. Jeruto, na kila akirudisha kazi aliandika, "Bwana Philip, unafikiri vizuri," nami nilikuwa najiona nimekua kidogo kwenye kile kiti.

Cheti kilifika mwezi wa kumi. Tulichinja kuku, mchungaji akaja kukiombea, kikatundikwa ukutani juu ya kabati, na mwezi wa kwanza Baba Cindy akapewa kazi, akapewa helmeti nyeupe na funguo. Jioni moja akaniuliza, "Mama Cindy, ile daftari uliandikia majibu iko wapi, nataka kupitia pitia." Mama, nilikaribia kulia kwa furaha. Nilijiambia sasa mume wangu anasoma, kumbe Mungu amekwisha tusamehe ule udanganyifu. Nikampa, na tangu siku hiyo anatembea nalo kwenye mfuko wa koti.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Mwisho wa mwezi uliopita alikuja ofisini na ripoti aliyoiandika kwa mkono, akaniomba niipige taipu kwa ajili ya meneja. Ilihusu tangi la molasi, ile shira nyeusi inayobaki sukari ikishatolewa, ambayo huwekwa kwenye tangi kubwa la chuma lenye mlango mdogo juu, na likiwa tupu mtu hushuka ndani kwa ngazi kukwangua yaliyogandamana chini. Mfanyakazi mmoja anayeitwa Andati alikuwa ameshuka, akatoka anapepesuka, ananuka kitu kama pombe, akaanguka pale nje na kutapika, na mume wangu akaandika kwamba kwa maoni yake mfanyakazi huyo alikuwa amelewa kazini, na anapendekeza asimamishwe. Mimi mkono unapiga tu, unajua jinsi mkono wa mpiga taipu unavyokwenda bila kichwa, mpaka nikafika kwenye mstari huu: "Kabla ya mfanyakazi kuingia nilihakikisha hewa ni salama kwa kuteremsha koroboi iliyowashwa mpaka chini na kuhesabu mpaka mia moja, na haikuzimika."

Mkono ukasimama, kwa sababu maneno hayo ni yangu.

Ni jibu langu la somo la saba, swali la nne. Waliuliza utajuaje kama hewa ndani ya tangi au shimo inafaa kwa mtu, na mimi ni mtoto wa mchimba visima, Mama, baba yangu alichimba karibu nusu ya visima vya kijijini kwetu Chekalini, na kila asubuhi kabla ya kushuka aliteremsha koroboi kwenye kopo kwa kamba, akahesabu mpaka mia kwa sauti sisi watoto tukihesabu naye, na hakuna mtu aliyewahi kumfia kisimani. Kwa hivyo nilijibu kwa kujiamini kabisa. Bi. Jeruto akarudisha kazi ameandika, "Bwana Philip, hapana. Taa inaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo mtu ataanguka, na kwenye mvuke unaoshika moto taa hiyo ndiyo itakayolipua tangi. Molasi ikichacha hutoa hewa nzito isiyofaa kuvutwa, ambayo hulala chini. Usitumie moto kamwe. Tumia kipimo cha hewa, ingiza hewa safi kwa feni, na mwenzako akianguka usimfuate, wengi wanaokufa ni wale waliokwenda kuokoa." Nilisoma, nikashtuka kidogo, nikasema maskini baba alikuwa na bahati, nikaitia karatasi hiyo ya masahihisho kwenye faili langu la ofisini. Kwenye daftari sikusahihisha. Kwa nini ningesahihisha, kazi ilikuwa imeshakwenda, na lile lilikuwa daftari la kuandikia rasimu tu.

Ripoti niliimaliza. Ndiyo, Mama, niliimaliza, kwa sababu alikuwa amesimama pale ananingoja, nikamtolea nakala mbili, akatia sahihi, akaondoka. Andati akasimamishwa kazi siku iliyofuata. Huyu Andati ni mtu wa kanisa letu, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, na sasa ameambiwa apumzike kwanza mpaka mambo yatulie, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Jumapili tulipotoka nilimsalimia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Cindy, mimi sijaonja hata busaa ya arusi. Lakini kuanguka nilianguka, hiyo siwezi kataa. Sasa hata mimi najiulizanga nilikuwa na nini." Nilishindwa kumtazama.

Nikajikaza, nikasema leo leo nitamwambia mume wangu, na tulipokuwa tunakula mchana, obusuma, yaani ugali, na mboga, ndugu yangu Bramwel akiwa amekuja kutoka Shianda kututembelea na ametoka nje kunawa mikono, nikamuuliza, "Baba Cindy, ile mambo ya koroboi uliitoa wapi?"

Akacheka. "Si ni wewe uliandika? Mimi nasomanga hiyo daftari kila siku mpaka imeshika kichwa. Hata sasa ukiniuliza nitakwambia."

Halafu akainuka, akaenda nyuma ya kabati, akatoa kibao kilichopakwa rangi nyeupe, alichoandikiwa na fundi mmoja wa Lubao, na juu yake kwa herufi nyekundu kimeandikwa: WASHA TAA. HESABU 100. NDIPO UINGIE. Akakiegemeza ukutani chini ya cheti.

"Hii itawekwa kwa mlango ya kila tangi," akasema. "Tarehe ishirini na mbili tunafunga mashine kwa ukarabati, tunafungua lile tangi kubwa. Nahitaji vibarua wanne wa kushuka. Mmoja nimeweka Bramwel. Sasa sema asante."

Bramwel akawa ameingia, mikono inadondoka maji, ameyasikia hayo, anatabasamu mpaka masikioni kwa sababu hajapata kazi tangu mwaka jana. Mume wangu ananitazama. Kibao kinanitazama. Nami nilisema asante.

Mama Pascalia, siwezi kukueleza nilivyohisi, nilikuwa kama mtu aliyesimama nje ya mwili wake anasikia mdomo wake unasema asante. Tangu hapo sijui nifanye nini. Nikimwambia jibu ni la makosa atajua namwona mjinga, na yeye akiumizwa hapigi kelele, hunyamaza, mwaka juzi nilimsahihisha mbele ya wageni akaninyamazia wiki mbili nzima. Nikienda kwa meneja, cheti kitachunguzwa, kazi itapotea, kesi inaweza kuja, na mimi pia nitafukuzwa kwa Madam Kageha kwa kutumia mashine yake kwa udanganyifu. Nikimwandikia Bi. Jeruto atajua kwamba Bwana Philip wake alikuwa mimi. Nilifikiria kuiba daftari usiku nikalichome, lakini amekwisha lishika kichwani, na kile kibao je. Nilifikiria pia labda mambo yatakuwa mazuri, kwani baba hakuna aliyemfia, na Andati alitoka mzima.

Niambie nianzie wapi. Nimeandika barua hii ofisini, mchana, kwenye karatasi za ofisi maana sina nyingine, unisamehe mwandiko.

Ni mimi,
Mwenye Daftari

---

MAMA PASCALIA ANAJIBU

Mwenye Daftari,

Barua yako ilinifikia Jumatatu ya tarehe kumi na tano. Niliisoma nimesimama, koti sijavua, na nilipofika kwenye kile kibao cha Lubao nilikaa chini. Nimejibu barua katika ukurasa huu miaka tisa na nilidhani hakuna kitakachonishtua tena. Ulinishtua. Sikushtushwa na mumeo, wala na cheti. Nilishtushwa na ile asante yako.

Barua zinazokuja hapa hungoja zamu wiki tatu. Yako ingetoka gazetini wiki mbili baada ya ndugu yako kushuka tangini. Lakini umeandika kwenye karatasi za ofisi, mama, na juu ya karatasi za ofisi kuna nambari ya simu. Sijui kama ulisahau au ulifanya makusudi, na sitakuuliza. Nilipiga. Ukapokea wewe mwenyewe kwa sauti ya kazini, ukasema karibu, tukusaidie na nini.

Wasomaji hawajui tuliyosema, na kwa kuwa umenipa ruhusa, na majina yote nimeyabatiza upya, nitawaambia. Sikujitambulisha. Nilikuuliza, "Somo la saba, swali la nne, jibu sahihi ni lipi?" Ukalisema lote, kipimo cha hewa, feni, hewa nzito inayolala chini, mtu asimfuate mwenzake, hukukwama hata mahali pamoja. Nikakuuliza, "Maneno hayo umemwambia nani?" Ukasema, "Bado sijamwambia mtu."

Sasa nikugombeze vizuri, kwa sababu kwenye simu nilikuwa na haraka.

Kurasa nne umeniandikia. Umenieleza rangi ya herufi za kibao na ulichokuwa ukila wakati wa kusoma. Katika kurasa nne hizo hakuna mahali uliposema kwamba ulimwendea Bramwel ukamwambia, ndugu yangu, usiingie. Yeye hana cheti cha kupoteza. Hahusiki na heshima ya Baba Cindy. Sentensi moja ingemtosha, na ungeweza kuisema palepale akikausha mikono. Umehesabu kazi ya mumeo, kazi yako, aibu yako kwa mwalimu, wiki mbili za kununiwa, na katika hesabu hiyo ukasahau kuweka watu wanne wanaoshuka kwa ngazi. Ulihesabu kama baba yako, mpaka mia, ukaona taa bado inawaka.

Na hilo la kwamba hakuna aliyemfia baba yako, liache. Kisima kipya si tangi la molasi iliyochacha, mwalimu wako alikufundisha hivyo, nawe ukayatia mafundisho yake kwenye faili. Andati hakutoka mzima. Alitoka hajui tena kama yeye ni mlevi au si mlevi, na aliyempiga chapa ya ulevi ni wewe, kwa mashine.

Nakuhurumia, usidhani sikuhurumii. Mwanamke aliyenyimwa shule na karo akaipata tena kwa jina la mumewe, wakati wa kula muhogo, naelewa furaha yake, na naelewa kwa nini aliogopa kuigusa isivunjike. Na wewe mumewe, kama umeusoma ukurasa huu kwa bahati, sina neno kubwa nawe. Ulipewa daftari ukalisoma kwa bidii kila siku. Wengi wenye vyeti vyao halali hawasomi hata kibao cha choo. Kosa lako ni kwamba ulipokea kazi ya kulinda watu ukijua hujui, na mtu alipoanguka ukatafuta lawama mdomoni mwake kabla hujaitafuta kwenye tangi.

Nilichokuagiza siku ile, Mwenye Daftari, nakirudia hapa kwa ajili ya wengine walio na siri kama yako. Toa karatasi ya masahihisho kwenye faili, ipige fotokopi tatu. Ya kwanza mpe Bramwel leo, kwa mkono wako. Ya pili mpe mumeo mchana, akiwa ameketi, watu wasiwepo, na usianze kwa kusema samahani. Anza kwa kusema, "Jibu hili nililikosea mimi." Ya tatu itie kwenye bahasha. Kama kufikia Ijumaa jioni kibao bado kipo na tangi bado litafunguliwa kwa koroboi, bahasha hiyo ipeleke kwa meneja Jumamosi asubuhi, uingie kwa lango la mbele, kazi ipotee ikipotea. Ukanijibu, "Mama, atanifukuza nyumbani." Nikakuambia mlango wangu uko wazi, lakini kwanza kamwone Bramwel.

Jana, Jumanne ya tarehe ishirini na tatu, nilipiga tena. Sikulala vizuri usiku wa kuamkia jana, nakiri, na simu ilipolia mara ya nne bila kupokelewa nilianza kuomba. Ukapokea. Hukusema karibu. Ulisema, "Mama, hakuna aliyeingia."

Ukanisimulia. Bramwel alipewa karatasi siku ileile, akasoma, akakurudishia akisema, "Ningejua hivi ningekuwa nimeshalima shamba, si kungoja kibarua cha tangi." Mumeo ulimpa siku iliyofuata. Aliisoma mara ya kwanza akaikunja. Akaifunua, akaisoma tena. Ulingoja anune, ulingoja akuulize kwa nini ulimficha, ulingoja aseme neno kuhusu cheti, kwani kilikuwa pale juu ya kichwa chake. Hakuuliza lolote katika hayo. Aliuliza tu, "Kwa hivyo Andati hakuwa amelewa?"

Ukamwambia hapana.

Akainuka, akachukua koti, akaenda. Hukumfuata, na ulifanya vema. Alirudi giza limeingia na hukumuuliza alikotoka, ila Jumapili ulimwona Andati amekaa benchi la mbele, hajaimba bado, amekaa tu. Na Jumatatu tangi kubwa lilifunguliwa milango yote, likaachwa wazi, meneja ameambiwa na mumeo kipimo cha hewa kitafutwe kabla ya mtu yeyote kushuka, amekasirika kwa kucheleweshwa, acha akasirike. Kile kibao mumeo amekipaka rangi nyeupe juu ya herufi, lakini zile nyekundu zinaonekana kwa mbali, na sasa anataka umwambie aandike nini.

Usimwambie mara moja. Kwanza mna kazi. Cheti kishushwe ukutani, kitiwe kwenye bahasha pamoja na barua ya ukweli kwa Bi. Jeruto, sahihi zote mbili chini, na afanye atakalofanya. Mumeo mwenyewe aende kwa meneja aombe kurudi uwanjani mpaka atakapokuwa amesoma kwa kichwa chake, kwani helmeti nyeupe si ya mtu anayekisia. Madam Kageha mweleze kabla hajasikia kwingine. Huenda mkapoteza vitu katika hayo, sitakudanganya kwamba hamtapoteza. Na wewe ujiandikishe upya, kwa jina uliloitwa na baba yako, uanze somo la kwanza, na Baba Cindy ajiandikishe pembeni yako akitaka, kila mmoja na daftari lake.

Lakini hayo yote yanaweza kungoja wiki ijayo. Kuna moja halingoji. Ile ripoti iliyosema Andati alikuwa amelewa bado iko ofisini kwa meneja, na bado ina sahihi. Kesho asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, weka karatasi mpya kwenye mashine. Andika kwamba mfanyakazi aliyetajwa hakuwa amelewa, kwamba hewa ya tangi ndiyo iliyomwangusha, na kwamba aliyeihakikisha hewa hiyo hakuwa na njia ya kuihakikisha. Mumeo atie sahihi. Chini yake andika jina la aliyejibu swali la nne, na wewe pia utie.

Kisha nakala moja mpelekee Andati nyumbani kwake. Usiitume kwa imeili. Mpe mkononi, na ungoje pale mpaka amalize kuisoma.

Wako,
Mama Pascalia